Sauti ya bibi si mali ya kuokota

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni mwishoni mwa wiki iliyopita.)

Ndugu msomaji, mwezi wa nne nilikwenda nyumbani Lupepo, huko Tukuyu wilayani Rungwe, kwa ajili ya msiba. Anayeijua Rungwe anazijua mvua za mwezi huo: zinaanza alfajiri, zinapumzika kidogo, kisha zinarudi kama vile zilisahau kitu. Siku ya tatu, waombolezaji wengi walipokwisha kutawanyika, vijana wawili wa ukoo wetu waliniita pembeni, kwenye ubaraza wa jiko, wakaniambia, "Mjomba, wewe ni mtu wa redio. Tunaomba utusomee karatasi."

Mama zao ni mtu na mdogo wake, mabinti wa shangazi yangu. Mmoja wa vijana hawa hupiga kinanda kanisani. Mwenzake alijifunza kompyuta Mbeya mjini. Wakiwa pamoja hutengeneza muziki ambao wazee wa hapo hawajaupatia jina. Huchukua midundo ya kompyuta, wakaichanganya na ngoma, vigelegele na nyimbo za zamani za Unyakyusa. Sasa walikuwa wamepata kazi yao ya kwanza ya maana: mtu mmoja anayetengeneza filamu Dar es Salaam alisikia muziki wao, akawaomba wamtungie muziki wa picha yake.

Wakanivalisha visikilizio. Nikasikia ngoma ya mbali, mvumo mzito chini yake, halafu sauti ya mama mzee ikiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Nilisisimka, maana sauti ile naijua tangu utoto wangu. Ilikuwa ni sauti ya shangazi, yaani bibi yao.

Nikauliza, "Bibi yenu ameusikia huu?" Wakatazamana. Walimrekodi kwa simu akiwa anachambua maharage huku akimpakata kitukuu. Aliiona simu, lakini alidhani wanapiga picha ya kuwapelekea ndugu walio mbali.

Ndipo nikaisoma karatasi. Ulikuwa mkataba wa ukurasa mmoja. Ulisema kwamba muziki wote, pamoja na sauti zote zilizomo, utakuwa mali ya mtengenezaji wa filamu, kwa matumizi yoyote na kwa wakati wote, kwa malipo ya mara moja. Majina ya vijana yalikuwapo. Jina la bibi halikuwapo mahali popote.

Nimeona nizungumze na wewe juu ya karatasi hiyo, ndugu msomaji, kwa sababu karatasi za namna hiyo sasa zinazunguka kila mahali. Kompyuta imeingia vijijini, simu inarekodi, filamu zinahitaji muziki, na vijana wetu wana vipaji. Hilo ni jambo la kushangilia. Swali ni moja tu: sauti ya mtu ikishaingia katika mashine, inabaki kuwa ya nani?

Kwanza tuelewane kuhusu mashine yenyewe. Wako wanaosikia habari za muziki wa kompyuta wakadhani kompyuta ndiyo inayoimba. Sivyo. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na kompyuta huupima umeme huo mara nyingi mno kwa sekunde, ikaandika kila kipimo kwa tarakimu. Katika sidii ya kawaida, kila sekunde ya muziki hupimwa mara 44,100 kwa upande wa kulia, na mara 44,100 kwa upande wa kushoto. Sauti ikishakuwa tarakimu, inatii. Unaweza kuikata, kuirudia mara mia, kuishusha ikawa nzito, kuipandisha ikawa ya kitoto, au kuipa mwangwi kama wa pangoni. Unaweza kuchukua neno moja alilotamka bibi wa Lupepo, ukalifanya kibwagizo cha muziki unaochezwa na watu wasiojua kwamba Lupepo ipo.

Filamu nayo ina sheria zake. Picha za sinema hupita 24 kwa kila sekunde. Mtunzi wa muziki wa filamu kwa kawaida hupewa picha zilizokwisha kukatwa na kupangwa, akaambiwa: hapa mama anafungua barua, sekunde 40, hapa analia, sekunde 12, hapa basi linaondoka, usiweke kitu. Mwimbaji anayeimba mbele ya watu humaliza wimbo wake pale unapokwisha. Mtunzi wa filamu humaliza pale picha inapokwisha. Kwa hiyo kukata ni sehemu ya kazi yake, wala si dhambi. Lakini anayekata ni lazima ajue anakata kitu cha nani.

Kwa wale wanaodhani kwamba jadi na mashine ni maadui, nawakumbusha habari za Mtanzania mwenzetu, marehemu Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo wa Dodoma. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kwa ajili ya kipaji chake, na baadaye akawa mmoja wa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Alipiga zeze na ilimba, na sauti yake ilipanda na kushuka mpaka mtu akadhani wanaimba watu wawili.

Hebu tuitazame hiyo ilimba. Ni sanduku la mbao lenye vibao vyembamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ilimba kubwa ya Kigogo huwa na vyuma vingi kuliko vinavyoguswa: vile visivyoguswa hutikisika vyenyewe kwa kuitikia vile vilivyopigwa. Aidha, kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ili sauti itoke na mvumo wa kuparuza kama nyuki ndani ya mzinga. Maana yake ni kwamba Wagogo walikuwa wakitafuta mwangwi na mparuzo wa sauti kwa mikono yao na kwa msaada wa buibui, wakati umeme haujafika Dodoma. Mafundi wa vinanda vya umeme wa Ulaya na Marekani walikuja kuyatafuta mambo hayohayo kwa waya na vitufe.

Ndiyo sababu haikuwa ajabu Zawose alipokutana na mpiga gitaa na mtunzi Michael Brook, raia wa Kanada. Brook huyu alibuni gitaa la umeme ambalo mlio wake haukatiki hadi mpigaji atake. Alikwisha kufanya kazi na mwimbaji mkuu wa Pakistan, Nusrat Fateh Ali Khan, katika albamu ya Mustt Mustt ya mwaka 1990 na Night Song ya mwaka 1996. Na ni mtunzi wa filamu hasa: ndiye aliyetunga muziki wa An Inconvenient Truth, ile filamu ya mwaka 2006 kuhusu kuongezeka kwa joto duniani, na wa Brooklyn ya mwaka 2015. Mwaka 2002 yeye na Zawose walitoa albamu iitwayo Assembly kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Humo utaikuta ilimba na zeze zikitembea pamoja na gitaa la umeme na midundo ya mashine. Upo wimbo uitwao Kuna Kunguni, na kila aliyewahi kulala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu anaielewa habari yake bila kufasiriwa.

Sasa angalia jalada la albamu ile. Yameandikwa majina mawili, la Hukwe Zawose na la Michael Brook. Mgogo hakuandikwa kama "sauti kutoka Afrika". Alikuwa mshirika aliyekuwapo, aliyejua kinachofanyika, na jina lake likatangulia.

Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Lakini jina halikuzikwa naye. Mwaka 2024, zaidi ya miaka 20 baadaye, kampuni ileile ilitoa albamu iitwayo Maisha. Wenye albamu ni wanawake wawili, Pendo Zawose ambaye ni binti yake, na Leah Zawose ambaye ni mjukuu wake, wakijiita The Zawose Queens. Wanaimba, wanapiga ilimba, zeze na ngoma za muheme, na mashine nazo zimo. Katika kizazi cha Hukwe, kushika ilimba na kuongoza wimbo ilikuwa kazi ya wanaume. Leo jina la baba limewafungulia mlango binti na mjukuu. Jina si fedha, ndugu msomaji, lakini fedha ikija huuliza jina kwanza.

Upande wa pili wa habari hii unatoka mbali zaidi, katika Visiwa vya Solomon kwenye Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1970 mtaalamu wa muziki wa jadi, Hugo Zemp, alimrekodi huko mwanamke aitwaye Afunakwa akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Wimbo wenyewe ni wa huzuni: mtoto yatima analia, na kaka yake anamtuliza kwa kuwa wazazi hawapo tena. Rekodi hiyo ilitolewa katika mfululizo wa santuri za UNESCO, kwa ajili ya elimu na kumbukumbu.

Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, waliojiita Deep Forest, waliichukua sauti ya Afunakwa wakaiwekea midundo na vinanda vya umeme. Wimbo wao, Sweet Lullaby, ulienea dunia nzima. Albamu ilijinadi kwa habari za watu wa misitu ya Afrika ya Kati, wale ambao wengi huwaita Mbilikimo, hivyo wasikilizaji wasiohesabika walidhani Afunakwa ni Mwafrika wa msituni. Wimbo wa yatima ukatumika katika matangazo ya biashara. Wawili hao walipanda: mwaka 1995 walifanya na Peter Gabriel wimbo wa filamu ya Strange Days, na mwaka 1996 albamu yao ya pili, Boheme, ikapata tuzo ya Grammy.

Na Afunakwa? Ndani ya albamu ile ya kwanza walishukuriwa UNESCO, na alishukuriwa mtaalamu aliyeshika kinasa sauti. Mwanamke aliyeimba hakutajwa. Mwaka 1996 Zemp mwenyewe aliandika kulalamikia jinsi sauti ile ilivyotumiwa.

Siwaiti watu wale wezi. Wanamuziki wale walikuwa hodari, na muziki wao ulikuwa mtamu. Mimi mwenyewe nimeucheza redioni. Ninachosema ni kwamba njia ilikuwa wazi. Wimbo wa jadi hauna mtunzi anayejulikana, kwa hiyo ulionekana hauna mwenyewe. Mwimbaji alikuwa mbali, kwa hiyo alionekana hayupo. Hatua moja ndogo ikafuatwa na nyingine, na mwisho wa safari sauti ya mtu ilikuwa imezunguka dunia, mwenye sauti amebaki kijijini kwake.

Na kabla hatujawanyooshea kidole Wafaransa, nasi wa redio tujitazame. Katika kituo nilichoanzia kazi tulikuwa na kanda za ngoma za kila mkoa. Kipindi kikiisha dakika mbili kabla ya wakati, tuliziba pengo kwa ngoma, na mtangazaji akisema, "Hiyo ilikuwa ngoma ya Wanyakyusa," au ya Wagogo, au ya Wamakonde. Basi. Nani aliyepiga? Nani aliyeongoza wimbo? Mara nyingi kwenye boksi la kanda palikuwa pameandikwa kabila na tarehe tu. Mwimbaji wa bendi ya mjini tulimtaja mpaka jina la utani. Mama wa kijijini alikuwa "ngoma". Kosa hilo nimelifanya kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa miaka.

Sheria inasemaje? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Jina lake lenyewe ni somo. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya wale wanaoshiriki kuifikisha kazi kwa watu: waimbaji na wapigaji, waliotengeneza rekodi, na vituo vya utangazaji. Kwa hiyo hata kama wimbo ni wa mababu na mtunzi wake hajulikani, aliyeuimba mbele ya kipaza sauti ana haki juu ya kuimba kwake. Si hivyo tu. Sheria hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na inataka kibali kwa mtu anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Na ipo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya taifa, ambako kazi husajiliwa.

Lakini sheria haiingii jikoni Lupepo kumwuliza bibi. Hiyo ni kazi ya aliyeshika simu. Nami niliwaambia wajukuu wale mambo manne, nayarudia hapa kwa faida ya kila kijana mwenye kompyuta na kila mzazi mwenye wimbo.

La kwanza, mwenye sauti aambiwe kabla. Aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba sauti yake itakwenda wapi na kufanya kazi gani, kisha asikilizishwe kilichotengenezwa. La pili, jina lake liandikwe katika mkataba na katika majina yanayopita mwisho wa filamu: jina kamili, si "bibi wa kijijini". La tatu, mkataba useme sauti inatumika kwa filamu ipi na kwa muda gani. Neno "matumizi yoyote" ni shimo. Leo ni filamu ya mapenzi, kesho ni tangazo la pombe. La nne, mafungu ya malipo yaandikwe kabla fedha haijaonekana, kwa sababu fedha ikishaonekana macho hubadilika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Vijana wakasema, "Mjomba, yule bwana akikataa je, tukose kazi?" Swali hilo ni la haki, wala sikulidharau. Kijana wa Tukuyu akipata nafasi ya kwanza haoni ya pili. Niliwajibu kwamba anayekataa kuandika jina la mwimbaji amekwisha kuwaonyesha atakavyoyatendea majina yao wenyewe siku watakapokuwa hawana faida kwake.

Jioni ile tulikwenda kwa shangazi. Tukamweleza yote, naye akavaa visikilizio juu ya kitambaa cha kichwa. Mara ya kwanza alicheka kujisikia. Mara ya pili hakucheka. Akavivua, akaniuliza, "Mwanangu, mbona wamenikata kabla mtoto hajalala?"

Ilikuwa kweli. Picha waliyopewa ilikuwa ya sekunde 40, na wimbo ulikuwa na zaidi ya dakika mbili. Vijana walichukua mwanzo wenye sauti kali wakaacha mwisho. Kwa shangazi, mwisho ndio wimbo wenyewe. Yanayotangulia ni njia ya kumfikisha mtoto huko. Akataka aonyeshwe picha yenyewe. Wakamfungulia kompyuta: mama wa mjini amekaa kitandani na mtoto mgonjwa, mvua inanyesha dirishani. Shangazi akaitazama mara tatu. Kisha akaanza kuimba taratibu, akaruka beti za katikati, akaingia kwenye mwisho, akaushusha mpaka ukawa kama pumzi. Mjukuu aliyekuwa anatazama saa akasema zilikuwa sekunde 43.

Kesho yake walimrekodi upya, katika chumba cha kanisa, mbali na kelele za mvua juu ya bati. Safari hii simu ilikaa mezani, na yeye ndiye aliyesema waanze. Yule bwana wa Dar es Salaam, baada ya kuvutana naye kwa simu siku kadhaa, alikubali majina matatu na filamu moja. Fedha haikuongezeka hata shilingi. Iligawanywa mafungu matatu yaliyo sawa, na karatasi mpya ina alama ya dole gumba la shangazi karibu na sahihi za wajukuu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi tuanze sisi kuwatunza wetu, hata pale wanapochezea ndani ya kompyuta. Kama nyumbani kwako yupo mzee anayeimba, na simu unayo, mrekodi. Kisha, kabla hujafanya lolote jingine, andika jina lake.

Tukutane tena wiki ijayo.